Kiti cha Kumi na Tano, Safu ya Saba

Setúbal, Ureno
22 Septemba 1996

Dada Vlasta,

Nakusalimu kutoka mahali ambapo mwishoni mwa Septemba watu bado wanavaa kaptura. Nilifika salama. Binti yangu Radana hajambo, mumewe Álvaro hajambo, na mjukuu ameota jino, anang'ata kila kitu pamoja na mimi. Vrbnov nilikuwa nakohoa mara ishirini kila asubuhi. Hapa nakohoa mara sita. Miaka thelathini ya kupuliza vioo kiwandani haiondoki kifuani kwa wiki mbili, lakini hewa ya bahari inafanya kazi yake. Daktari alisema nikae huku majira yote ya baridi, na nitakaa. Usiniulize kama nimezoea. Barafu pekee niliyoiona ni ile wanayolazia dagaa sokoni. Juzi niliisimamia nikaitazama mpaka muuzaji akaniuliza nataka kilo ngapi.

Sasa jambo lenyewe. Huu ni msimu wa kwanza tangu mwaka 1958 ambao Fisimaji wetu watacheza hoki bila mimi, barafuni au jukwaani. Kwa hiyo natoa maagizo, na usinikatize. Kofia yangu nyekundu ya sufu iko juu ya kabati la jikoni. Kila mechi ya nyumbani utaiweka kwenye kiti changu, cha kumi na tano, safu ya saba, pembeni mwa chako. Hapo asikae mtu. Matokeo nitayapata kwa barua zako tu. Simu siitaki, maana kwa simu mtu husikia namba, hasikii mechi. Radana nimemkataza kuleta gazeti la nyumbani, na Álvaro hajui hata kwamba barafu inaweza kuchezewa. Barua huchukua siku tisa. Basi nitaishi siku tisa nyuma yenu, nitashangilia na kulia siku tisa baadaye, na wala hainidhuru. Lakini uandike yote: nani alianguka, nani alipelekwa benchi la adhabu, nani alitukana.

Na la mwisho. Ukikutana na Ctibor Hladký, yule refa mstaafu wa Mtaa wa Kinu, usimpe salamu zangu, kwa sababu sina. Katika misimu mitatu niliyovaa jezi ya Fisimaji nilifunga bao moja tu, mwaka 1961, dhidi ya Skalín, na kipofu yule akalifuta mbele ya watu elfu mbili.

Mdogo wako,
Bohumír


Vrbnov
6 Oktoba 1996

Mdogo wangu Bohumír,

Barua yako imefika. Ilikuwa na makosa matatu ya alama za uandishi. Nimeyasahihisha kwa wino mwekundu na kuihifadhi. Nyonga yangu huuma mvua ikikaribia, kwa hiyo inauma kila siku. Plamu zimezaa sana. Nimepika jamu chupa thelathini na moja, na jirani ameniletea kutoka kwenye mtambo wake kitu kingine cha plamu ambacho sitakitaja katika barua inayovuka mipaka.

Fisimaji wamepoteza mechi nne za mwanzo. Umekwisha kujua, sasa nitakueleza kwa utaratibu. Kipa mpya, Vavřinec, ana umri wa miaka ishirini na moja na mama mzazi anayekaa nyuma ya lango. Katika mechi ya pili alimpungia mama yake mkono, na kile kisahani kinachopigwa badala ya mpira kikaingia kutoka katikati ya uwanja. Mama aliona aibu, akahamia upande wa pili. Kipa akageuka kumtafuta, kikaingia cha pili. Kepteni wetu Kalivoda alipelekwa benchi la adhabu mara tano katika mechi moja. Mara ya sita alikwenda mwenyewe bila kuitwa, akakaa.

Habari mbaya zaidi inahusu kiti chako. Uongozi mpya wa klabu umetoa kanuni: kiti cha msimu kikiwa kitupu mechi tatu za nyumbani mfululizo, hupewa mtu mwingine. Nilimwonyesha mlinzi wa mlangoni kofia yako.

Akasema, "Mwalimu, kofia si mtu."

Nikamwambia, "Kofia hii ina akili kuliko kamati yenu nzima."

"Hilo silibishi," akasema, "lakini haina matako."

Nilimfundisha sarufi mlinzi huyo kwa miaka minne, na hii ni mara ya kwanza kujibu kwa usahihi.

Kiti kimekwisha kaa kitupu mara mbili. Siwezi kusubiri siku kumi na nane kwa swali na jibu. Mechi ijayo nitamkalisha mtu humo, naye atavaa kofia yako.

Dada yako,
Vlastimila


Setúbal
16 Oktoba 1996

Dada,

Mechi nne. Nimeisoma barua mara mbili, mara ya pili nikiwa nimelala.

Mkalishe yeyote. Mkalishe padri, mkalishe mbwa wa jirani, ilimradi asiwe yule wa Mtaa wa Kinu. Mimi nikiwa kwa kinyozi, yeye akiingia, natoka na ndevu za upande mmoja. Mji mzima unajua, na wewe ndiye uliyemalizia kuninyoa.

Álvaro alinihurumia akanipeleka kuona hoki ya huku. Dada, wanacheza kwa magurudumu, juu ya sakafu ya mbao, kama watu waliokimbilia mchezo na kusahau barafu nyumbani. Kipindi cha kwanza nilicheka mpaka nikakohoa. Kipindi cha pili nilikuwa nimesimama juu ya kiti nikimtukana refa kwa Kicheki. Wazee wawili wasioelewa neno walinipa mkono. Sasa tunakwenda pamoja kila Jumamosi.

Mdogo wako katika magurudumu,
Bohumír


Vrbnov
24 Novemba 1996

Mdogo wangu,

Theluji imeanguka mapema na nimenunua viatu vyenye meno chini. Paka wako amenenepa. Kaburi la marehemu mume wangu nimelisafisha na kuwasha mshumaa, na wako pia nimeuwasha kwa wazazi.

Kwenye kiti chako nilianza na mke wa mfamasia. Alisinzia kipindi cha kwanza, kofia ikamfunika pua, tukafungwa manne kwa moja. Kisha nikamleta padri. Aliomba kwa macho yaliyofumbwa dakika zote sitini, akatoka hajui kwamba tumefungwa sita kwa bila. Nilipomwambia alisema, "Lakini niliwaombea wote." Nikamwambia hapo ndipo tatizo lilipo.

Mara ya tatu nilimpata mtu mmoja.

Ni mtu mtulivu. Alivaa kofia, akafunga mdomo, akatazama. Wakati wa mapumziko alimenya chungwa kwa ganda moja refu lisilokatika, akanipa nusu. Tulishinda matano kwa moja. Kalivoda alifunga mawili na hakupelekwa benchi hata mara moja, alionekana mpweke. Nikamwalika mtu huyo tena, tukashinda tena. Bohumír, tumeshinda mechi sita za nyumbani mfululizo. Muuza supu ya kabichi sasa haanzi kugawa mpaka aione kofia nyekundu imeketi. Vavřinec kabla ya mechi huigonga nguzo ya kushoto, ya kulia, kisha anatazama safu ya saba.

Hatukuthubutu kubadili kitu. Mimi huvaa soksi zile zile, nazo nazifua, usiniulize tena.

Dada yako,
Vlastimila


Setúbal
5 Desemba 1996

Dada,

Sita! Nimemwinua mjukuu juu hadi akaing'ata taa.

Ni nani huyo? Umeniandikia ganda la chungwa lakini si jina. Ni wa Vrbnov? Anaijua hoki au amekaa tu kama mzigo wenye bahati? Mwambie asibadili chungwa. Mwambie asiumwe mafua. Akitaka kusafiri, mfiche viatu.

Bohumír


Vrbnov
2 Januari 1997

Mdogo wangu Bohumír,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Samaki wa Krismasi aliogelea katika beseni langu la kuogea kwa siku tatu, kilo nne, mwenye sura ya mkaguzi wa shule. Alitoka mtamu sana pamoja na saladi ya viazi. Tarehe ishirini na sita tulicheza na Skalín, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, wapiga ngoma wakiwa na pembe za kulungu vichwani. Tulishinda manne kwa matatu. Zilipobaki sekunde za mwisho tukatoa funguo zetu na kuzitikisa, uwanja mzima, kama ilivyo desturi, kuwaambia wageni kwamba tunafunga mlango na waende kwao. Zililia kama sahani elfu zikianguka ngazini. Ulikosekana.

Tuko nafasi ya pili kwenye msimamo wa ligi. Nafasi ya pili, Bohumír. Mwaka jana wakati kama huu tulikuwa tukihesabu timu zilizo chini yetu kwa kidole kimoja.

Mtu wa kiti chako anaijua hoki vizuri. Hujua kosa kabla filimbi haijalia. Husema kwa sauti ndogo, "Gongo juu, dakika mbili," na kweli refa anainua mkono. Baridi ilikuwa kali sana, kwa hiyo nilileta blanketi.

Uliuliza jina lake. Kurasa zimekwisha.

Dada yako,
Vlastimila


Setúbal
12 Januari 1997

Dada,

Kurasa hazikwisha. Uliacha nusu ya ukurasa wa nne bila maandishi, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba karatasi haiachwi tupu.

Halafu samaki wa kilo nne kwa mjane mmoja? Na blanketi moja kwa viti viwili? Mimi ni mpuliza vioo, lakini naona kupitia vioo pia.

Sikuulizi tena. Nauliza tu: ni mwanamume?

Bohumír


Setúbal
20 Februari 1997

Dada,

Wiki tano bila barua. U hai? Fisimaji wako hai? Jibu swali la pili kwanza.

Bohumír


Vrbnov
9 Machi 1997

Mdogo wangu Bohumír,

Fisimaji wako hai, nami pia, kwa utaratibu huo uliouomba. Nisamehe kwa kimya. Niliandika barua tatu na kuzichana. Nyonga imepoa, daktari anashangaa, mimi sishangai. Jamu zimebaki chupa tisa, ingawa peke yangu huwa nakula nne kwa majira yote ya baridi.

Ni mwanamume.

Sasa hoki, maana najua ndiyo unayoitaka. Tulimaliza ligi tukiwa wa pili. Kwenye mechi za mtoano wachezaji wetu hawanyoi ndevu, kama kawaida, na Vavřinec, ambaye ndevu hazijamwota, alichorwa na mama yake kwa makaa. Akaruhusu mabao mawili tu katika mechi nne. Sasa mji mzima umeacha wembe. Padri anafanana na nabii. Mlinzi wa mlangoni anafanana na mlango. Nusu fainali tulishinda mechi tatu kwa moja, na baada ya filimbi watu wazima walilala chali kwenye theluji nje ya uwanja wakipiga miguu. Mimi sikulala chali. Nilikaa tu, kwa heshima, kwenye theluji hiyo hiyo.

Fainali ni dhidi ya Skalín. Anayefika ushindi wa tatu ndiye bingwa. Ikifika mechi ya tano, itachezwa nyumbani, Jumamosi tarehe 5 Aprili. Miaka thelathini na tisa, Bohumír, na hatujawahi kufika hapa.

Dada yako,
Vlastimila


Setúbal
18 Machi 1997

Dada,

Nimenunua tikiti ya basi. Naondoka Jumatano tarehe 2 Aprili asubuhi, ni safari ya siku tatu, nitafika Vrbnov Jumamosi jioni na kuja moja kwa moja uwanjani. Daktari amesema siku chache za baridi haziniui. Kama wamemaliza kwa mechi tatu au nne, nitakuja kula keki. Lakini hawatamaliza. Nawajua Fisimaji, hawajawahi kufanya kitu kirahisi.

Njiani nitaziba masikio nisisikie matokeo. Nikimwona Mcheki, nahamia kiti cha nyuma.

Mwambie huyo bwana wa machungwa kwamba namshukuru kutoka moyoni, na kwamba Jumamosi hiyo ainuke. Hiyo ni mechi niliyoisubiri maisha yangu yote, na nitaitazama nikiwa kwenye kiti changu, kofia yangu kichwani, dada yangu kushoto.

Bohumír


Vrbnov
27 Machi 1997

Mdogo wangu Bohumír,

Barua yako imefika leo saa nne, na saa tano nimekaa kuandika. Natuma hii kwa njia ya haraka. Posta wamesema siku nne, kwa hiyo ikukute kabla hujaondoka. Leo sina salamu wala habari za familia.

Ni Ctibor Hladký.

Siku ile ya Oktoba nilikuwa mlangoni na kofia yako mkononi. Padri alikuwa amekataa kurudi, zilibaki dakika kumi, na Hladký alikuwa kwenye foleni ya tikiti za kusimama, peke yake kama siku zote. Nikamwambia, "Bwana Hladký, vaa hii, keti, funga mdomo." Alitii yote matatu. Aliijua kofia. Alisema tu, "Bohumír akisikia, atarudi kwa miguu."

Nilidhani ni kwa siku moja, lakini tulishinda, na baadaye sikuwa nikimwita kwa ajili ya ushindi tu. Sasa umejua kwa nini barua zilichanwa.

Nilimwomba jambo moja kwa ajili yako. Nilimwambia, "Ctibor, mwandikie ndugu yangu kwamba lile lilikuwa bao. Mstari mmoja tu, na mtapatana." Alifikiri mpaka chai ikapoa. Akasema, "Vlasta, nitakuoshea vyombo hadi nife. Nitambebea Bohumír viatu vyake vya kutelezea mgongoni. Lakini halikuwa bao." Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Anajua."

Mechi ya kwanza ya fainali tulishinda. Ya pili tulipoteza kwa kosa langu, nami nalikiri kwa maandishi. Tulikuwa tukiongoza mawili kwa moja, imebaki dakika moja na sekunde kumi na mbili, nikatoa funguo nikazitikisa. Mimi, Bohumír, niliyewaadhibu watoto wa watu kwa kufunga daftari kabla ya kengele. Safu ya saba ikanifuata, kisha jukwaa zima, na Skalín wakafunga mara mbili. Muuza supu hanipi mkate. Ya tatu, kule kwao, tulipoteza pia. Jumamosi hii ni ya nne, kule kule kwao. Tukifungwa, imekwisha.

Ukija, kiti ni chako. Ctibor amekwisha likunja blanketi. Ila uwanja mzima unaamini tunashinda kwa sababu yeye yumo humo, na mimi ninaamini mambo mengine zaidi. Sijawahi kukuomba kitu tangu tulipokuwa watoto. Sasa naomba: usinifanye nichague.

Dada yako,
Vlastimila


Vrbnov
7 Aprili 1997

Mdogo wangu Bohumír,

Hukuja. Sijui kama barua yangu ilikukuta na ukakasirika, au basi liliharibika, au kifua. Nilimpigia Radana simu, hata kama umeikataza. Alisema uliondoka Jumatano na kwamba u mzima, kisha akacheka na kukata. Sijaelewa, na siku mbili sijalala vizuri. Lakini agizo ni agizo, kwa hiyo nitakueleza mechi.

Ya nne tulishinda kule kwao kwa bao moja. Tuliisikiliza redioni jikoni kwangu. Ctibor alikaa kwenye kiti ambacho nilikibandika karatasi yenye namba 15, kofia kichwani, paka mapajani.

Jumamosi uwanja ulijaa saa mbili kabla. Ctibor alikataa kuketi. Alisimama kando ya kiti chako ameishika kofia kwa mikono miwili kama mtu aliye kanisani. Nilimwambia akae mpaka ufike. Akasema, "Kiti kina mwenyewe, na mwenyewe yuko njiani." Basi kiti kikabaki kitupu, na kufika mwisho wa kipindi cha kwanza tulikuwa tumefungwa mawili kwa bila. Mama yake Vavřinec alilia mpaka mapumziko yakaisha.

Watu wakaanza kugeuka. "Kaa, mzee!" "Refa, unatuua!" Mlinzi wa mlangoni akaja akampigia magoti. Ctibor anatikisa kichwa, anarudia yale yale. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza pale mjinga mmoja alipopaza sauti kutoka kwenye ngazi nyuma yetu, sauti iliyokauka kama ya jogoo mwenye mafua: "Kaa chini, kipofu wewe, tunafungwa!"

Ctibor akageuka kutazama ngazini kwa muda mrefu. Kisha akavaa kofia, akaketi.

Dakika mbili baadaye, mawili kwa moja. Kabla ya mapumziko, mawili kwa mawili. Katika kipindi cha tatu Kalivoda alikuwa benchi la adhabu, bila shaka. Adhabu ikaisha, mlango ukafunguliwa, akatoka wakati uleule kisahani kinapita mbele yake kama kimetumwa. Akaenda nacho peke yake, ndevu zikipepea. Bohumír, nilifumba macho. Nilijua kwa sababu ya kishindo. Matatu kwa mawili, zimebaki dakika nne.

Dakika hizo nne zilikuwa ndefu kuliko kazi yangu yote ya ualimu. Hakuna aliyegusa funguo. Mimi nilikuwa nimekalia mikono. Zilipobaki sekunde tisa, mjinga mwingine, safari hii nyuma ya wapiga ngoma, akaanza kutikisa zake peke yake. Nilimlaani kwa jina la kila mnyama. Kisha wa pili, wa kumi, na wote. Kisahani kiligonga nguzo ya kushoto ya Vavřinec, kikasimama kwenye mstari, na king'ora kikalia.

Sitaeleza yaliyofuata. Nitasema tu kwamba padri aliogelea kwenye barafu kwa tumbo, na kwamba nilimbusu muuza supu.

Jana Ctibor aliniuliza jambo. Ana miaka sitini na saba, mimi sitini na sita, na aliuliza akiwa anaosha vyombo, amenipa mgongo. Nilimwambia nitajibu nitakapopata barua yako. Nimesubiri siku tisa tisa msimu wote. Naweza kusubiri mara moja zaidi.

Dada yako,
Vlastimila


Setúbal
16 Aprili 1997

Dada Vlasta,

Salamu kwako na kwa paka. Radana anaomba radhi kwa kucheka, nilimwapisha kwa simu asiseme. Mjukuu sasa ana meno manne.

Wajinga wote wawili ni mimi.

Barua yako ya haraka ilifika hapa siku moja baada ya mimi kuondoka, kwa hiyo sikujua lolote. Nilishuka kwenye basi, nikaja mbio, nikapanda ngazi za safu ya saba kama kijana. Nikakuona wewe, nikaona kiti changu kitupu, na pembeni yake Hladký na kofia yangu. Dada, nilikunja ngumi. Nilikuwa nimebakisha ngazi nne. Ndipo nikamsikia akisema kiti kina mwenyewe. Watu elfu nne wanamzomea, tunafungwa mawili kwa bila, wewe umemshika mkono wa koti, na mtu yule hakai. Angeweza kukaa, nani angemlaumu? Nilirudi nyuma kwa wanaosimama. Kipindi cha pili kilipoanza nilishindwa kuvumilia, nikarudi ngazini nikapiga kelele. Akageuka, akaniona. Anajua tangu Jumamosi kwamba nilikuwepo. Kumbe hakukuambia. Hata siri hiyo hakuiuza.

Funguo nilizotikisa ni za nyumba ya Radana, sikuwa na nyingine. Kwa hiyo Skalín walifungiwa mlango wa Setúbal.

Utauliza kwa nini sikuja nyumbani. Jumapili asubuhi nilifika hadi kona ya mtaa wako. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi na wewe ulikuwa unacheka, kile kicheko cha zamani, cha kukatika pumzi, ambacho sijakisikia tangu mazishi ya mumeo. Nikataka kugonga. Lakini nikigonga, atafungua Hladký, na atanyosha mkono, na nitalazimika kumpa wangu. Nikageuka nikaenda kupanda basi.

Sasa naandika jambo ambalo sijamwambia mtu kwa miaka thelathini na sita. Siku ile nilikuwa nimeanguka mbele ya lango la Skalín, gongo langu limeruka mbali. Kisahani kikaja kikasimama kando ya glavu yangu. Nilikisukuma kwa mkono. Theluji ilikuwa nzito, hakuna aliyeona isipokuwa mimi na refa aliyekuwa mita tatu. Angeweza kunitangaza mbele ya watu wote kwamba nimefunga kwa mkono kama mwizi. Alipunga tu kwamba si bao, akaacha nimtukane. Ameacha nimtukane mpaka leo.

Mjibu ndiyo, dada. Usisubiri siku tisa, mpigie kelele huko huko jikoni. Kiti cha kumi na tano ni chake. Atakikalia kwa kanuni zote za klabu, maana ana matako. Kofia abaki nayo. Daktari ameniruhusu kurudi Septemba, na nitasimama na wapiga ngoma, nimekwisha waomba wanitafutie pembe.

Kabla ya mechi ya kwanza nitakuja kugonga mlango wako. Mwambie afungue yeye. Nitampa mkono wa kulia. Ataufahamu, aliwahi kuuona.

Mdogo wako,
Bohumír